Waksi juu ya silanti: boneti niliyoigawa vipande vitatu hapa Shangani, Mtwara

PwaniYaKusini

Wakuu, habari za kusi.

Kila Jumapili nikiwa nje na ndoo zangu hakosi mpita njia wa kusimama na kuniuliza, "Unapaka nini tena kwenye hilo gari, si ulipaka jana?" Nikimwambia jana ilikuwa silanti (dawa ya kuziba na kulinda rangi ya gari) na leo ni waksi, najibiwa moja kati ya mawili: ama napoteza hela, ama nimekosea mpangilio, waksi ndiyo inatangulia. Nimechoka kueleza barabarani jua likiwa utosini. Acha niandike hapa kwa kirefu, tubishane kwa faida ya sisi wote tunaoishi na chumvi hii.

Gari ni Premio nyeusi. Naegesha kwenye banda la makuti, na usiku bahari naisikia nikiwa kitandani. Msimu huu wa kusi, pitisha kidole kwenye kioo cha mbele alfajiri kisha ukionje ulimini: chumvi tupu. Upepo unaileta, umande unaiyeyusha na kuitandaza bodi nzima, jua la saa tatu linakausha maji na kuiacha ile chumvi pale pale. Kesho inarudi hivyo hivyo. Mwenye gari Dodoma hawezi kunielewa, ila mtu wa Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko anajua ninachosema.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu vyenyewe. Waksi ya gari iliyo nzuri msingi wake ni kanauba, nta inayotoka kwenye majani ya mti wa huko kaskazini mashariki mwa Brazil. Mti huo ni wa jamii moja na mnazi wetu. Jani linajipaka nta lenyewe ili lisikauke wakati wa kiangazi. Kanauba ni ngumu kuliko nta nyingine nyingi za asili, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, kwa hiyo viwandani wanaichanganya na mafuta na kiyeyushi ili ipakike. Inaipa rangi ule mng'ao wa ndani, kama maji ya kisima kirefu. Lakini haikai. Wiki nne, sita, ukibahatika nane, imeisha.

Silanti ni ya kutengenezwa, ni polima, yaani molekuli ndefu zilizoungana kama mnyororo. Ukiipaka inashikana na rangi na kujifunga yenyewe kwa yenyewe kadiri inavyokauka. Mng'ao wake ni mkali, mweupe kidogo, kama kioo. Ina uhai wa miezi, siyo wiki. Ninazotumia mimi zimenifikisha miezi mitano, na hapo ni hapa pwani.

Kwa nini silanti itangulie? Kwa sababu silanti inataka kushika rangi yenyewe, rangi safi isiyo na mafuta. Ukitanguliza waksi umeshaweka mafuta katikati. Silanti itakaa juu ya waksi, na siku waksi inapoondoka inaondoka na silanti yako mgongoni. Umelipia miezi mitano ukapata wiki tano.

Sasa kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Mwaka wa kwanza nilipaka silanti saa nne asubuhi, nikasubiri ikaweka ukungu, nikafuta, ikang'aa. Saa sita nikapaka waksi juu yake, furaha imenijaa. Jioni gari lina michirizi, ukiitazama ubavuni utadhani imepigwa na tambara lenye mafuta ya kupikia. Nikafuta na kufuta. Baada ya mwezi mmoja na nusu maji hayatelezi popote. Sikuelewa mpaka nilipokaa nikasoma maelezo ya kopo, kitu nilichopaswa kukifanya mwanzo: silanti ikishafutwa bado haijakomaa. Inataka saa 12, nyingine 24, ikiwa kavu, haijaguswa na maji wala kitu kingine. Waksi ina kiyeyushi ndani yake. Ukiiweka juu ya silanti mbichi, kile kiyeyushi kinaivuruga kabla haijajifunga. Ikishakomaa hakiwezi kuifanya kitu.

Na hapa kwetu hizo saa 24 ndiyo mtihani. Ukipaka jioni, usiku unakuja umande wenye chumvi juu ya silanti changa. Siku hizi napaka asubuhi mapema kivulini, bodi ikiwa ya baridi mkononi, ili ipate mchana mzima mkavu kabla ya umande wa kwanza, na usiku huo naomba hifadhi kwenye gereji ya jirani yenye kuta. Kuifunika turubai hapana. Turubai ikigusa silanti mbichi na upepo ukaitikisa, umeisugua gari usiku kucha.

Mwezi wa kumi na moja uliopita, kabla ya mvua, niliamua kumaliza ubishi. Niliisafisha boneti, nikapiga polishi, nikapangusa mabaki ya mafuta kwa spiriti ya isopropili iliyozimuliwa na maji, kisha nikaigawa vipande vitatu kwa tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi. Upande wa dereva waksi tupu. Upande wa abiria silanti tupu, mkono mmoja. Katikati silanti, nikalala, kesho yake waksi juu.

Siku ya kwanza usingehitaji kuambiwa. Katikati palikuwa na weusi mzito, wenye kina, na ule ukali wa silanti ukiwa chini yake. Mke wangu, ambaye mambo haya hayamhusu, alisimama mlangoni akaonyesha kwa kidole: "Hapo katikati umefanyaje?" Upande wa waksi tupu ulikuwa mzuri pia, mpole. Upande wa silanti ulikuwa mkali lakini baridi.

Mvua zikaanza. Wiki tatu za mwanzo matone kwenye waksi yalikuwa manene, ya mviringo, yamesimama kama shanga. Kwenye silanti yalikuwa madogo na yanakimbia, gari likitembea tu yameondoka. Mwisho wa Disemba upande wa dereva ulikuwa umekwisha, maji yamelala bapa kama kwenye bati la zamani. Katikati ndipo palipo na somo. Matone manene yalipotea karibu wakati ule ule na ya upande wa dereva, lakini chini yake yakatokea yale madogo ya silanti, yakaendelea hadi Aprili. Waksi ilikuwa imeliwa, silanti ikabaki mzima.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: silanti ndiyo inalinda, waksi ndiyo inaliwa. Chumvi, jua na kinyesi cha kunguru vinakutana na waksi kwanza, nami naweka nyingine kila baada ya wiki tano kwa saa moja tu, bila kugusa kazi kubwa ya chini.

Karibuni tubishane.

MamaIST

Mkuu asante sana, nimesoma hadi mwisho. Mimi niko Tandahimba, gari ni IST ya rangi ya fedha, kazini naegesha chini ya mkorosho kwa sababu kivuli kingine hakuna. Sasa hivi watu wanapuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho. Jioni nakuta gari limekuwa la njano, juu yake vumbi jekundu, na kwenye paa madoa ya utomvu. Kijana wa kunioshea anafuta kwa tambara kavu ili nisichelewe. Je, mimi hii habari ya silanti na waksi itanisaidia, au nihamishe gari juani?

PwaniYaKusini

Dada MamaIST, kwanza kabisa mzuie huyo kijana na tambara kavu. Salfa ya mikorosho ni unga laini na peke yake haina makali, lakini imechanganyika na mchanga wa barabarani. Kila akifuta kavu anausugua ule mchanga kwenye klia, ile rangi angavu ya juu kabisa. Ukitaka kuona, simama jua likiwa chini, tazama mlango ubavuni: utaona mikwaruzo myembamba inayozunguka kama utando wa buibui. Rangi ya fedha inaificha, ila ipo.

Salfa haiyeyuki kwenye maji. Ndiyo maana ukimwagia ndoo moja inabaki imekaa. Inataka maji ya sabuni yaibebe. Mwagia kwanza vumbi lote lishuke, halafu glovu laini yenye povu jingi, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glovu. Unashuka kutoka paa kwenda chini, sketi za chini ya milango mwisho kabisa.

Utomvu wa gome la mkorosho una nafuu moja ambayo wengi hawaijui. Ni wa jamii ya gamu, unalainika kwa maji. Chukua kitambaa cha maikrofaiba, kilowanishe kwa maji ya vuguvugu, kilaze juu ya doa dakika kumi, kirudie. Litatoka bila kukwangua. Utomvu wa miti mingine ya lami lami hautaki maji, huo unataka spiriti, na spiriti itaondoka na waksi yako mahali pale, kwa hiyo upake tena. Kitu kimoja usikiache juu ya rangi hata nusu siku ni yale mafuta ya ganda la korosho. Yale yanababua ngozi ya mtu, sina haja ya kuijaribu klia.

Kuhusu kuhama kivuli, kama una nafasi ya kuhamia banda, hama. Kama ni mkorosho au jua la wazi, mimi ningebaki na mkorosho na silanti, nikaosha mara kwa mara. Juu ya silanti uchafu haushiki kwa nguvu, na nusu ya kazi inafanywa na maji yenyewe.

FundiKlia

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimepuliza rangi miaka mingi hapa Mtwara mjini, naomba niongeze na nipinge kidogo.

La kuongeza. Gari lililotoka kupulizwa rangi msilipake kitu. Sio silanti, sio waksi. Rangi mpya ina thina na hadina (kigumishi cha rangi) bado zinatoka ndani taratibu, na watengenezaji wengi wa rangi wanataka usubiri siku 30 hadi 90 kabla ya kuziba juu. Napata wateja nimewapulizia bampa Jumatatu, Ijumaa wananiletea lina ukungu kwa sababu wamelipeleka kupigwa waksi wapendeze harusini. Osheni kwa maji na sabuni laini tu, basi, muwe na subira.

La pili, mjue mnacheza na nini. Klia ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una kama 70. Kila mnapompa kijana mashine na kampaundi ya kukwangua ili ing'ae, anakula humo humo. Nimeona maboneti yamefika kwenye rangi yenyewe kwa sababu ya kampaundi kila mwezi. Mwanzisha uzi amesema alipiga polishi kabla ya silanti, sawa, lakini hiyo ni mara moja kwa mwaka au hata miwili, sio kila ukipaka.

La tatu linahusu waksi zenyewe. Kuna waksi za kusafisha, ndani zina kikwaruzo laini au kiyeyushi kikali cha kuondoa rangi iliyokufa. Mtu akisikia "waksi juu ya silanti" akachukua hiyo, ataing'oa silanti yote kwa dakika kumi huku anashangilia mng'ao. Kama kopo linasema inasafisha au inaondoa mikwaruzo, hiyo haifai juu ya silanti.

Sasa la kupinga. Kaka, ile waksi ya juu kwa mtu wa kawaida ni kazi ya bure. Paka silanti, subiri siku, paka silanti mara ya pili ili pale ulipopakosa pafikiwe, kisha acha. Waksi kwenye joto letu ni laini, inashika vumbi. Mimi nimeona magari mawili yamesimama uwanjani kwangu, la waksi lina vumbi limeganda, la silanti unapuliza kwa mdomo linaruka. Na kwenye gari jeupe hata huo uzuri hauonekani.

PwaniYaKusini

Fundi, marahaba zako nimezipokea, na nashukuru kwa habari ya rangi mpya, niliisahau kabisa.

La vumbi nakubali, nimeliona. Boneti nyeusi saa nane mchana huwezi kuweka kiganja, na waksi iliyochanganywa na mafuta inalainika mapema sana kabla ya hizo nyuzi 82 za kanauba tupu. Kipande cha kati kilikuwa na vumbi zaidi ya kile cha silanti wiki mbili za kwanza. Lakini dawa yake kubwa ni kupaka nyembamba. Watu wanapaka waksi kama siagi kwenye mkate. Inayobaki juu ya rangi ni ile filamu ndogo tu, nyingine yote unaifuta na kitambaa, na usiyoifuta ndiyo inashika vumbi. Mimi boneti nzima natumia kiasi cha kujaza ncha ya kidole gumba. Sponji inapita mpaka unaona kama hujapaka kitu. Unasubiri, unapitisha kidole: ukiacha njia safi bila kuvuta, futa. Ukivuta, bado. Baada ya saa moja unapita tena na kitambaa kingine kikavu, maana huku kwetu mafuta yanatokeza jasho.

Kwa nini bado nashikilia waksi? Kwa sababu ya kunguru, fundi wangu. Kinyesi cha ndege kina asidi ya uriki, na hatari yake inaongezwa na jua: klia inalainika ikipata moto na kutanuka, kinyesi kinakauka na kuwa kigumu juu yake, jioni klia inaposinyaa inajibana na ile sura. Ndiyo lile kovu ambalo hata ukiosha unaliona. Mara mbili kabla waksi haijaliwa nilikuta kinyesi cha tangu asubuhi kwenye kipande cha kati, nikaweka kitambaa chenye maji, nikaondoa, pakabaki alama ya ukungu kwenye waksi. Nikapaka waksi mpya kiganja kimoja, pakawa hamna kitu. Upande wa abiria uliokuwa na silanti tupu kuna alama moja ndogo mpaka leo. Naomba mwenye shaka aje Shangani aitazame.

Ila kwa gari jeupe nakuunga mkono. Sitamshawishi mtu mwenye Noah nyeupe apake waksi kwa ajili ya uzuri.

DerevaWaNoah

Nimetajwa bila kutajwa. Gari langu ni Noah nyeupe kweli, Mtwara na Masasi kila siku, siku nyingine Lindi kupitia Mnazi Mmoja. Linaoshwa usiku, sabuni ya unga, linalala, saa kumi alfajiri niko stendi. Saa 24 za kusubiri sina. Fundi na mwanzisha uzi nipeni kitu kimoja cha kufanya.

FundiKlia

Ndugu dereva, silanti tupu. Siku gari linapokwenda matengenezo na lazima lilale, hiyo ndiyo siku yako. Lioshwe, likaushwe, lipakwe asubuhi, lilale ndani. Mara tatu kwa mwaka inakutosha, moja iwe kabla ya mvua za Novemba. Na hiyo sabuni ya unga iacheni. Ni ya kutoa uchafu wa mafuta kwenye nguo, ina ukali wa magadi, hata waksi nzuri haiponi nayo. Kwenye silanti inakula pole pole, lakini inakula. Tafuta shampuu ya gari, kifuniko kimoja ndoo nzima.

PwaniYaKusini

Nakubaliana na fundi neno kwa neno. Niongeze la maji tu: kabla hujasema silanti imekufa, hakikisha gari ni safi. Vumbi la saruji, chumvi na masizi yanajaza uso wa juu, maji yanalala bapa, unadhani imekwisha. Mwezi wa pili nilitaka kupaka upya upande wa abiria. Nikaosha vizuri kwa shampuu, nikasuuza, matone yakarudi kama ya siku ya kwanza. Ilikuwa imefunikwa tu.

MikindaniKwetu

Wakuu swali langu msilione la kitoto. Nta ya nyuki si ipo tele? Watu wa Liwale wanarina asali, nta wanaiuza kwa bei ndogo. Hiyo kanauba inatoka Brazil, inapita bandari ngapi. Kwa nini nisiyeyushe nta na mafuta ya taa nikapaka gari? Babu yangu alikuwa anapaka samani zake hivyo, zinang'aa mpaka leo.

PwaniYaKusini

Swali zuri sana, nami nililijaribu kwenye buti. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Kabati la babu limekaa sebuleni, kivulini. Boneti yetu haijakaa sebuleni. Nilipopaka ilikuwa nzuri jioni, kesho yake mchana ukigusa inanata, na hadi Ijumaa buti lilikuwa limeota manyoya ya vumbi. Viwandani wanaichanganya na kanauba kidogo kidogo kwa ajili ya ulaini wa kupaka, kwa hiyo haidharauliki, ila peke yake kwenye jua la Mikindani haifai.

Mafuta ya taa ndiyo yaliniogopesha zaidi. Hicho ni kiyeyushi. Mtu aliyepaka silanti akaja kupangusa gari kwa mafuta ya taa au dizeli ili iwe na mng'ao, kama ninavyoona pembezoni mwa barabara, anafuta kazi yake, anaacha utando wa mafuta unaokusanya mchanga, na mpira wa pembeni ya vioo unavimba. Nta ya Liwale ipakeni kwenye milango ya mninga, itapendeza mno.

MikindaniKwetu

Nimekuelewa mkuu. Na chumvi? Nikipaka hivi gari langu halitaoza? Maana la awali liliozea chini, sakafu ya dereva ukiangalia unaona lami.

FundiKlia

Hapo tusidanganyane. Silanti na waksi viko juu ya rangi. Kutu ya pwani inaanza pasipo na rangi: chini ya sakafu, ndani ya sketi, kwenye mikunjo ya milango, palipogongwa na jiwe. Chumvi inavuta unyevu, bati linabaki limelowa hata siku ya jua. Osha chini kwa maji ya bomba kila wiki ya kusi, zibua vile vitundu vya chini ya milango ambavyo maji yanatokea maana vikiziba mlango unageuka ndoo, na ukiona jiwe limechubua hadi bati, piga praima na rangi siku hiyo hiyo hata kwa brashi ya kucha. Wapo waliotokwa jasho kuipaka paa waksi huku sakafu inaliwa.

MamaIST

Nimejifunza mengi. Swali la mwisho kutoka kwangu: maji yetu ni ya kisima. Nikiosha, yakikauka yanaacha vidoa vyeupe vya mviringo, na tangu nianze kutumia silanti vimekuwa vingi zaidi!

PwaniYaKusini

Dada, umeona kweli. Maji ya kisima yana chokaa. Kwenye rangi isiyo na silanti yanatandaa, yanakauka kama utando mmoja, huoni. Kwenye silanti yanasimama matone, kila tone linakaukia mahali pake na kuacha chokaa yake katikati. Kwa hiyo usiliache gari likauke lenyewe, hasa juani. Mwisho wa kuosha toa kichwa cha mpira, acha maji yamiminike taratibu kutoka paa bila presha. Kwenye silanti nzima yatashuka kwa mkupuo na kubeba matone yote, yatabaki machache, hayo uyanyonye kwa taulo la maikrofaiba kwa kulilaza na kulivuta, bila kusugua. Kama kuna kisima cha maji ya mvua nyumbani, hayo ndiyo yatumie kusuuzia mara ya mwisho.

Vile ambavyo vimeshakaa, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kitambaa, dakika moja mbili, suuza sana. Siki itadhoofisha waksi pale ulipogusa, kwa hiyo rudishia.

FundiKlia

Kaka, nimesoma lile la kunguru mara mbili. Alama kwenye silanti tupu nimeiamini. Lakini umeniambia kipande cha abiria kilikuwa na silanti mkono mmoja tu. Mimi nasema mikono miwili, siku moja katikati. Hukunipa nafasi sawa.

PwaniYaKusini

Kweli, fundi. Hiyo haki yako.

Boneti nimeshaifuta yote mwezi wa tano, ina kazi mpya ya kawaida. Lakini paa liko wazi na ndilo linalopigwa zaidi, maana mnazi wa jirani uko juu yake na kunguru wanalala humo. Tuligawe katikati, mbele hadi nyuma. Upande mmoja mikono yako miwili ya silanti, ipakwe na wewe mwenyewe ili asitokee wa kusema nimeharibu kwa makusudi. Upande wangu silanti mkono mmoja, siku moja, kisha waksi, nami nairudia kila wiki tano. Tunaanza kabla kusi haijaisha, tunaliangalia hadi mvua za Novemba ziingie vizuri.

FundiKlia

Nimekubali. Lete Jumamosi saa moja asubuhi kabla bodi haijashika moto. Uwe umeliosha, lakini polishi usipige, nataka nilione paa lilivyo kwanza. Gereji yangu ina mlango, litalala ndani.

MamaIST

Picha jamani, kila mwezi. Za jua la jioni, zile zinazoonyesha ukweli.

PwaniYaKusini

Zitakuja, dada. Fundi, Jumamosi saa moja niko kwako. Tepu ninayo.